Vijitabu vya Jangwani

Sisi tuliokulia Izia, huku Ufipa, kabla simu hazijaingia kila mfuko tulisoma chochote kilichoandikwa. Nyumbani kwetu kulikuwa na vijitabu sita vya watalii, vilivyotolewa na serikali ya jimbo moja la jangwa huko Marekani. Vilikuja shuleni alikofundisha baba, ndani ya sanduku la vitabu vya msaada. Mwalimu mkuu hakujua aviweke somo gani, baba akavibeba. Karatasi za vijitabu hivyo ziliteleza kama sabuni.

Jumapili baada ya misa, tukiwa tumeshiba ugali wa ulezi na maharage, tulikaa uani na bibi kupukuchua mahindi, tukigombania upande wenye jua kwa sababu ya baridi ya Juni. Mimi nilikuwa darasa la sita na nilijidai najua Kiingereza, kwa hiyo nilisamehewa kupukuchua ili nisome. Maneno nisiyoyajua niliyabuni.

"Haya, mume wangu, soma," bibi alisema, kama mabibi wanavyowaita wajukuu wao wa kiume.

Serikali ile ilijisifu kuwa kwao jua huwaka karibu mwaka mzima. Bibi aliguna. "Serikali gani inajisifia ukame?"

Siku moja nilimwonyesha picha iliyopigwa kutoka angani, vilima vya mchanga hadi mwisho wa ukurasa. Aliitazama kwa heshima. Alidhani ni intumba, yale malundo tunayolima Ufipa kwa kufukia nyasi zioze ziwe mbolea ya ulezi.

"Hawa wana mikono," alisema. "Mungu awape mvua."

Nilicheka, nikawageukia binamu zangu. "Bibi anadhani mchanga ni shamba." Wote wakaangua kicheko.

"Sawa, msomi," alisema bibi, akarudia mahindi yake.

Jumapili iliyofuata alinipa fungu la mahindi kama wengine. Vijitabu vilibaki ndani. Na iliyofuata tena. Nilipukuchua hadi vidole gumba vikatoka malengelenge, nikiogopa kwamba hataniita mume wake tena.

Jumapili ya nne akasema, "Mume wangu, lete vitabu vyako." Nilikimbia. "Umesema hawalimi. Nitafutie basi wanakula nini, na maji wanatoa wapi."

Nilipekua vyote sita. Niliona mabwawa ya kuogelea, viwanja vya gofu vya kijani kibichi, mzungu akinywa kitu chenye barafu.

"Sijaona, bibi."

"Hukuona, au hawakuandika?"

"Hawakuandika."

"Hapo sasa umesoma."

Chuoni walinifundisha jambo hilohilo kwa maneno marefu na kunipa cheti. Marafiki wanalalamika kwamba nabishana hata na ratiba ya basi. Lawama, na shukrani zangu zote, ziende kwenye ule ua.

Mwezi uliopita nilivikuta vijitabu ndani ya sanduku la mama. Bibi hayupo tena. Nikamfunulia mpwa wangu picha ya mabwawa na kumuuliza maji yale yanatoka wapi. Akabonyeza simu, jibu likaja kabla sijakaa vizuri.

"Wanavuta kutoka mto wa mbali, anko," alisema, akarudi kwenye mpira wake.

Vijana wa leo hawakosi jibu, na mara nyingi ni sahihi. Nilibaki na kijitabu mapajani, nikimkosa mtu ambaye angeuliza, "Na wanaokaa kwenye huo mto, wamebakiziwa nini?"