Sanduku la Barabara ya Mitwaba

Harufu ya turubai lililolowa hunipandisha hasira mpaka leo. Wafanyabiashara wenzangu hapa Naviundu, Lubumbashi, wakikunja maturubai yao baada ya mvua, huku wanacheka na kupiga soga, mimi hutafuta kisingizio cha kuondoka. Wanasema nina maringo. Si maringo, jamani, ni Papa Flori.

Acheni niwaeleze. Nilipokuwa mtoto, mama yangu alifanya biashara kati ya Lubumbashi na Mitwaba. Alikodi lori la Ilunga, dereva mkimya aliyevaa kofia ya sufu hata wakati wa joto, akapeleka chumvi na sabuni, akarudi na samaki waliokaushwa kwa moshi. Wakati wa likizo nilikaa katikati yao, pale mbele, magoti yamebanwa na mkono wa gia. Barabara ile ilipita porini, miti na miti tu, na mvua zikianza iligeuka uji. Ungeweza kusafiri kutwa bila kuona hata moshi wa kijiji. Ndiyo maana Mama hakuondoka bila sanduku lake la bati.

Ndani mlikuwa na beleshi, mapanga, kriki ya kuinulia gurudumu, kamba ya chuma ya kuvutia lori, chandarua, mbabula, lile jiko letu la makaa, unga wa bukari, yaani ugali, na viberiti ndani ya chupa iliyozibwa kwa nta. Mbao nene za kulaza chini ya magurudumu zilifungwa ubavuni mwa lori. Kabla ya safari alikagua kila kitu kama alivyokagua masikio yangu siku ya Jumapili. Niliwahi kuchapwa kwa kuchezea kiberiti kimoja tu. "Huku mujini ukikosa kintu unakimbia ku duka," aliniambia. "Ku pori utakimbia wapi?"

Papa Flori alikuwa mfanyabiashara mwenzake, mzaliwa wa mji wa Butembo kama sisi, tena mwimbaji wa kwaya kanisani kwetu, mwenye sauti ya kuliza wajane. Siku moja tukirudi kutoka Mitwaba tulimkuta lori lake limezama kwenye tope mpaka ekseli. Kwenye barabara ile, ukimkuta mtu amekwama, unasimama. Haikujalisha ni nani. Mama akafungua sanduku. Wasaidizi wetu walichimba, wakalaza mbao, wakafunga kamba, na kwa shida kubwa lori lake likatoka, likatangulia mbele yetu. Akasema anasogea mpaka penye udongo mgumu ili nasi tupite, kisha avute letu kwa kamba ileile. Kamba, mbao na beleshi vilikuwa kwake.

Tulisikia mngurumo wa lori lake ukienda, ukienda, mpaka tukabaki na sauti ya ndege. Hakurudi.

Tuliingia topeni, tukakaa humo. Mvua ilinyesha juu ya turubai mpaka likachoka, maji yakapenya, samaki wakaota ukungu mweupe, halafu funza. Harufu ile ninayowaambia ndiyo hiyo. Mimi nilishikwa na homa, Mama akanifunika kwa kanga yake mwenyewe, akachimba kwa sufuria. Tulipofika mjini hatukuwa na kitu cha kuuza. Tulihama Naviundu, tukaenda kukaa pembezoni kabisa mwa mji, kwenye chumba kisicho na sakafu, na Mama akaanza kuuza mihogo chini, mbele ya mlango.

Papa Flori aliendelea kuimba. Alimwambia Mama kwamba alidhani tunamfuata nyuma. Mama akamjibu, "Si kitu, Papa Flori, Mungu ni mukubwa," akatabasamu. Mimi nilimwangalia mama yangu, nikaona aibu kwa ajili yake. Sikujua bado tabasamu lile ni la nini. Lakini nyumbani alianza kujaza sanduku upya. Leo beleshi, miezi ikapita, kamba. Tulikula bukari na majani ya mihogo mpaka nikachukia rangi ya kijani. Kila kitu kipya kilipoingia aliniita nikiguse, nami nikaelewa. Usiku niliomba Papa Flori akwame tena. Niliomba kwa bidii kuliko nilivyowahi kuombea mitihani.

Mvua zilizofuata, Mama alipokuwa amepata mtaji wa kurudi barabarani na Ilunga, akakwama. Sijui niseme nini zaidi ya kwamba nilipoona lori lake limelala upande nilitaka kucheza. Samaki wake walikuwa juu ya lori, wingu jeusi likikaribia.

Mama alishuka bila haraka. "Bonjour Papa Flori. Mama na batoto beko bien?"

"Beko, Mama Masika. Ni Mungu alikutuma."

Alitandika kanga kwenye majani, akafungua sanduku, akapanga vyombo kimoja kimoja kama bidhaa sokoni. Papa Flori alikuwa tayari amekunja suruali. Kisha Mama akawasha mbabula, akapika bukari, akawagawia wasaidizi wa Papa Flori na sisi sote. Papa Flori mwenyewe hakumpa. Tulipomaliza akanawa mikono. "Angalia muzuri, Papa Flori. Mwaka ile ulichukuaka bila kuangalia." Akaanza kurudisha kila kitu sandukuni.

Ilunga alivua kofia yake. "Mama, mutu mwenye kukwama hatumupitake."

"Ye alitupita."

Wasaidizi wetu walikata njia porini kwa mapanga, tukamzunguka. Papa Flori alitembea kando ya dirisha letu akimwita Mama kwa jina la Bwana. Nilimtolea ulimi. Ilikuwa siku tamu kuliko Noeli zote za utoto wangu, na sisemi uongo.

Mwaka uliofuata tulikwama sisi, tumejaza samaki. Tulichimba, tukalaza mbao, lori halikusogea. Lilihitaji lori jingine la kulivuta. Likatokea. Dereva alikuwa kijana ambaye hatukuwahi kumwona. Alipunguza mwendo, akamtazama Mama, akatazama sanduku.

"Ni mweye ile Mama ya sanduku?"

"Ni mi."

Akacheka kidogo. "Shi muko na bintu yote, Mama." Akazunguka, akapita.

Nilimtukana kijana yule mpaka sauti ikanikauka. Nilimgeukia Mama anisaidie. Alikuwa amekaa juu ya mbao, matope mpaka mapajani. "Muache," alisema. "Mi njo nilimufundisha."

Nilidhani ni uchovu. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba tulimpita mtu mmoja, lakini barabara nzima ilituona. Papa Flori sijamsamehe, wala sina mpango huo. Ila kijana yule, kila nikitaka kumchukia, sipati pa kuanzia.