Nukta Nyekundu ya Loretta

Wiki moja kabla ya msimu wa kulungu, Emil Hudak alipanda mlimani hadi klabu ya wawindaji kuipima bunduki yake. Kule kwao Pennsylvania mtu haingii msituni na bunduki ambayo hajaipima. Kulungu akijeruhiwa na kukimbia, ni aibu ya mwaka mzima.

Emil alikuwa amestaafu kazi ya kiwanda cha karatasi, na macho yake yalikuwa yanafuata njia hiyo hiyo. Ile alama ya chuma mwishoni mwa mtutu sasa aliiona kama ukungu. Mkewe, Loretta, alilijua hilo kabla yake. Mwezi wa saba, akiwa mgonjwa hajiwezi tena, akamwagizia kifaa cha kulengea, kidude chenye kioo na nukta nyekundu ndani.

"Weka nukta juu ya kulungu, fyatua," alimwambia. "Hata wewe utaweza."

Mwezi wa nane Emil akamzika.

Kidude kilikaa juu ya bunduki kana kwamba kilizaliwa pale. Pale kwenye uwanja wa shabaha msimamizi alikuwa Bernie Sokol, kaka wa marehemu.

"Shemeji! Bado unaiona karatasi ya shabaha, au nikuchoree ng'ombe?"

"Naiona."

Risasi ya kwanza ilienda kulia kidogo. Emil akazungusha skrubu ya kidude. Ya pili ikaingia katikati.

"Basi, imetosha," Bernie akasema.

"Moja tu."

Ya tatu ikaenda kushoto, ukingoni. Ya nne haikuonekana kabisa, mpaka Darlene, mwanachama aliyekuwa akipiga shabaha kwenye meza ya kushoto, alipoinua kichwa.

"Mzee Emil, asante kwa msaada, lakini karatasi yangu naimudu mwenyewe."

Watu wakacheka. Bernie akaitoa bunduki risasi, akakiinamia kile kidude, akasoma maandishi ya ubavuni.

"Shemeji, hiki ni cha bunduki za mchezo. Zile zinazotupa vidonge vya plastiki."

"Kimeingia vizuri."

"Kinaingia, reli ya kukifungia ni ile ile. Lakini zile hazina teke. Hii yako inapiga teke kama punda. Kila ukifyatua, nukta inahama."

"Nitailenga upya, halafu nisiiguse."

"Utajuaje kwamba imekaa sawa?"

"Nitapiga moja."

"Ukipiga, imehama tena."

Emil akalizunguka jambo hilo kichwani. Halikuwa na mlango.

"Dada yako ndiye aliyekinunua."

"Najua. Dada yangu aliona kinafanana na cha kweli, na bei ni nusu."

"Usimseme."

"Simsemi."

Bernie akaenda kwenye gari lake, akarudi na kingine, cha bunduki ya kweli. Vilifanana kama pacha.

"Chukua hiki. Hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua."

"Basi nenda na hicho, ujeruhi mnyama, halafu ukamweleze yeye."

Mwaka mmoja Emil alimjeruhi kulungu jike, akarudi nyumbani giza lilipoingia. Loretta alimpa tochi akamtafute, akafunga mlango kwa ndani.

Akaomba bisibisi. Bernie alipotaka kumsaidia, akamsukuma mkono. Akakitoa kidude cha mkewe, akafunga kile kingine, akapima, akarekebisha, kisha akapiga tatu za mwisho. Matundu yote matatu ungeyafunika kwa kikombe.

"Vipi?" Bernie akauliza.

"Ni kizuri," Emil akasema, kama mtu aliyepewa habari mbaya.

Kidude cha Loretta alikiviringisha kwenye kitambaa cha mfukoni. Akiwa tayari ameketi garini, akaona wekundu kidogo ukipenya kitambaani. Akakifungua, akatafuta kitufe kwa kidole gumba, hakukipata upesi. Alipokipata akazima, betri isije ikaisha.