Wimbo Ambao Gari la Sinema Halikuuchukua

Enzi zetu pale Igowole, miaka ya hamsini, sinema ilikuja kwa gari la serikali. Madirisha ya darasa yalizibwa kwa mablanketi, nasi tukabanana sakafuni, tukinuka moshi na mahindi ya kuchoma. Vijana wa leo wanaolalamikia viti vya ukumbi wa Iringa wangetoroka kabla picha haijaanza.

Safari moja gari lilikuja na mpiga picha. Alitusalimia "Kamwene" kwa lafudhi iliyotuchekesha, kisha akawataka wanawake wapure ulezi huku wakiimba, ingawa kazi ilikwisha tangu asubuhi.

"Ulezi uko ghalani, mwanangu," alisema Bibi, mzaa mama. "Tupige makapi?"

Wakapiga makapi. Bibi akaanzisha wimbo kwa Kihehe, wenzake wakaitikia kwa kufuata mapigo ya fimbo zao za kupuria.

Gari liliporudi na picha hiyo, Bibi alikuwa amekwisha kufariki. Mama alikaa mbele kabisa. Alitaka kuisikia sauti ile mara moja tu.

Bibi akatokea ukutani, mdomo wazi. Wimbo wake haukuwemo. Tulisikia tarumbeta, kisha bwana mmoja akitangaza kwamba wanawake hawa bado wanashikilia njia za kizamani.

"Baba, zima hiyo sauti," Mama alimwambia mwendesha mashine, mtu wa Iringa mjini.

"Mama, hii mali ya serikali, si santuri ya nyumbani kwako."

"Haya, endelea. Sisi tutaimba."

Akaanza. Wanawake wakaitikia, wakipiga sakafu kwa viganja. Mwendesha mashine aliwatazama kidogo, kisha akapunguza sauti mpaka tarumbeta zikanyamaza. Mama alikosea mstari, akaurudia, lakini picha haikumngoja.

Leo nchi ni yetu, nami nina shahada, na watu wanasema serikali igharamie sinema za taifa. Naunga mkono. Halafu naanza kuwaza: zitasema lugha za nani? Nani atapanga maneno ya kuwekwa juu ya nyuso zetu? Labda nawaza mno. Lakini siku hizi tunakaa ukumbini kimya, tunatazama milima ya watu wengine, na hakuna anayethubutu kuimba.

Juzi nilimwomba Mama aniimbie wimbo ule wote, niuandike. Alifika ubeti wa pili, akakwama, akaniuliza mimi wimbo unaendeleaje.