Gazeti la Mzee Kinuthia

Harufu ya wino wa gazeti ulioloa mafuta ya mandazi bado hunipandisha hasira. Siku hizi wauzaji wengi hufungia kwenye karatasi za kaki, lakini wiki jana mama mmoja pale Kariokor alinifungia mandazi matatu kwa ukurasa wa siasa. Nikasimama katikati ya soko na kifurushi changu cha moto, uso umekunjamana, mpaka yule mama akaniuliza kama nimekuta unywele ndani. Nilimwambia hapana, ni mambo ya zamani tu. Nyinyi nitawaeleza yote, kwa sababu yule mama alikuwa na wateja.

Nilikulia Kayole, katika ploti ya vyumba kumi na viwili vilivyotazamana, na katikati uwanja mdogo wa saruji wenye bomba moja la maji na kamba za kuanikia nguo. Kila mtu alijua mwenzake amepika nini. Baba alikuwa fundi wa akala, vile viatu vya tairi, na kibanda chake kilikuwa Kariokor. Alirudi nyumbani akinuka mpira na gundi, na viganja vyake vilikuwa vigumu kiasi kwamba akikupapasa kichwani nywele zinanasa. Watu walimwita Baba Syombua, kwa jina langu, nami nilijivuna utadhani ndimi niliyemzaa.

Mwenye kauli katika ploti ile alikuwa Mzee Kinuthia wa chumba cha kwanza. Alikuwa mjane, karani mstaafu, mtu wa kupiga pasi hata leso. Macho yake yalikuwa yameharibiwa na mtoto wa jicho, lakini hakuacha kununua gazeti. Alinunua moja tu, lile lile kila siku, la upande wake. Lile jingine alisema ni la waongo, na hata kulishika hakutaka. Kwa kuwa hakuweza kusoma tena, alinichagua mimi, msichana wa darasa la tano, niwe macho yake. Saa kumi na moja jioni, nikishavua sare ya shule, nilikaa kwenye stuli mbele ya mlango wake na kusoma kwa sauti. Mama Njoki, aliyepika mandazi getini, alisogeza karai lake karibu. Waliokuwa wakifua walifunga bomba ili wasikie. Nikimaliza ukurasa, Mzee aliufafanua: nani mwizi, nani mkombozi, nani anatuonea wivu. Kisha ukurasa ulienda kwa Mama Njoki kufungia mandazi, na kufikia asubuhi mambo yote ya serikali yalikuwa yameshaliwa na chai.

Nikiri kwamba niliipenda kazi ile. Watu wazima walinyamaza nikifungua mdomo, na nyumbani kwetu hilo halikuwahi kutokea. Maneno ya magazeti niliyajua kuliko mistari ya Sunday school. Duru za kuaminika. Inadaiwa. Mkazi ambaye hakutaka jina lake litajwe. Niliyatamka taratibu, nikipumzika kwenye vituo kama mwalimu alivyonifunza.

Halafu ukafika mwaka wa uchaguzi. Sisi tulitoka Ukambani, Mzee na Mama Njoki walitoka mkoa wa kati, na kabla ya hapo jambo hilo lilimaanisha tu kwamba kwetu kulipikwa muthokoi na kwao mukimo. Gazeti lilipoanza kuandika habari za "watu wa upande ule", ni sauti yangu iliyoziingiza habari hizo getini. Baba alipita nyuma yangu na ndoo ya maji. Sikujua kwamba upande ule ulikuwa sisi. Nilikuwa na miaka kumi na moja na nilikuwa nashughulikia matamshi.

Jumanne moja nilianza na ukurasa wa kwanza, kama kawaida. "Wahuni wa kukodiwa wavamia soko," nilisoma. Nikashuka kwenye maelezo yaliyo chini ya picha: "Mmoja wa wahuni hao akiwa amejihami kwa kisu." Nilikuwa nimeshaimaliza sentensi ndipo macho yangu yakapanda kwenye picha yenyewe. Alikuwa baba.

Kisu kile nilikijua. Kilikuwa cha kukatia tairi, na mpini wake nilimsaidia kuufunga mpira mimi mwenyewe. Vurugu zilipozuka sokoni siku iliyotangulia, alitoka nje kufunga kibanda kisu kikiwa bado mkononi, na mdomo ulikuwa wazi kwa sababu alikuwa akimwita fundi jirani aingie ndani haraka. Walioikata picha waliondoa kibanda, wakaondoa mlango, wakabakiza mtu, kisu na mdomo. Kwenye kona ya juu walisahau pea moja ya akala inayoning'inia. Hakuna aliyeitazama pea hiyo ila mimi.

"Ai! Si huyo ni Baba Syombua?" Mama Njoki alisema, ameinama juu ya bega langu. Herufi zilimsumbua, lakini sura alizitambua upesi.

"Endelea," Mzee Kinuthia akasema. "Soma yote."

Nami niliendelea. Nilimsoma baba yangu mpaka ukurasa wa nne, ambako habari ilimalizikia, na sauti haikutetemeka hata mara moja. Hakuna aliyenishikia kiboko. Nilizoea kumaliza nilichoanza, na hilo peke yake linatosha kunifanya nijichukie hadi leo.

Jioni ile baba alisimama uwanjani akajieleza. Alikileta hata kisu chenyewe watu wakione, jambo ambalo halikusaidia. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamjibu kwa upole wake wa ofisini: "Baba Syombua, mimi sina ubaya na wewe. Lakini hii imeandikwa. Gazeti haliwezi kuandika tu." Kesho yake aliukunja ukurasa ule mara nne, akautia mfukoni mwa koti, akampelekea landlodi, mwenye ploti. Wiki haikuisha tukapewa notisi tuhame mwisho wa mwezi. Mama akaanza kuulizia vyumba Lucky Summer, mahali ambapo hatukujua mtu. Bombani wanawake walimpisha bila kumsalimu. Watoto wa Mama Njoki walikatazwa kucheza nami. Baba, aliyekuwa akipenda kukaa mlangoni na redio yake, sasa alikaa ndani pazia likiwa limeshushwa, na akikohoa alikohoa kwa kujizuia.

Na bado, saa kumi na moja ikifika, Mzee aliita: "Syombua! Leta hayo macho yako!"

Hakuona ajabu yoyote. Gazeti lilisema baba ni mhuni, halikusema lolote kuhusu msomaji, basi msomaji aje asome. Hapo ndipo nilipomchukia kikweli. Nilichukia pasi yake, leso zake, jinsi alivyofunga macho nikisoma na kutikisa kichwa kukubali. Nilitaka aonje. Sikutaka mtu amwombe baba msamaha, la, hiyo ni tamaa ya watu wema. Nilitaka Mzee Kinuthia apite bombani na watu wanyamaze.

Jumamosi nilifungua ukurasa wa sita. Ulikuwa umejaa tangazo la mbolea. Nikaweka kidole kwenye picha ya gunia, nikasoma:

"Duru za kuaminika zimedokeza kwamba karani mmoja mstaafu, mkazi wa Kayole, amekuwa akipokea bahasha kutoka kwa watu wa upande ule ili awapelekee majina ya wapangaji wenzake. Inadaiwa mzee huyo, ambaye ni mjane, huwakusanya majirani kila jioni kwa kisingizio cha kusikiliza habari, kumbe anachunguza nani anasema nini."

Bomba lilifungwa. Mzee alicheka. Alicheka peke yake, akasita, akasema, "Hebu nisomee tena." Nikamsomea tena, neno kwa neno, na safari hii nilipumzika kwenye kila kituo. Katika ploti ile walikuwepo watu wengi wanaojua kusoma. Hakuna hata mmoja aliyenyoosha mkono kuomba aone ukurasa. Mama Njoki alilichukua karai lake akalirudisha getini bila kuaga.

Mzee alininyang'anya gazeti. Alisimama nalo penye jua, akalileta karibu na jicho mpaka likamgusa pua, akalisogeza huku na huko akijitafuta. Sijasahau midomo yake ilivyokuwa ikicheza. Moyo wangu ulijaa utamu ambao sijaupata tena kwa jambo lolote, na nawaambia hivyo bila kuona haya.

Aliponirudishia, niliuficha ukurasa ndani ya blauzi. Baba alirudi kabla ya magharibi, akasimuliwa na mama, akaniita. "Lete." Aliusoma wote, mbele na nyuma: mbolea, bei za ng'ombe, mbolea tena. Kisha akaniangalia. Nilingoja mshipi. Baba akaukunja ule ukurasa, akautia jikoni chini ya makaa, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu picha ile. "Haya, enda ukale," aliniambia. Alijua ni uongo mtupu, na jioni hiyo alipandisha pazia.

Jumatatu Mzee Kinuthia alivaa suti akaenda mjini, kwenye ofisi za gazeti, akitumia fimbo. Alirudi amechoka vibaya. "Wamekana," aliwaambia watu waliokuwa uwanjani, ingawa hawakuwa wamemuuliza. "Wamepekua matoleo yote mbele yangu, wanasema hawakuandika kitu kama hicho. Wameona wamenikosea, sasa wanaficha." Mtu aliyekuwa ameambiwa ukweli na wenye gazeti wenyewe! Aliamini kilichosomwa, na cha ajabu zaidi, alianza kujishuku. Aliwagongea majirani milango, mmoja mmoja, akiuliza kama kuna siku aliwahi kutaja majina yao kwa mtu kwa bahati mbaya. Kugonga kule kuliwathibitishia. Mtu asiye na hatia angezungukia watu kwa nini?

Mwana wake alikuja na pikapu mwisho wa mwezi kumrudisha kijijini. Walipakia kitanda, viti viwili na ile pasi. Kabla hajapanda, Mzee aliniita, akanishika kichwa kwa mikono miwili iliyonuka sabuni ya kipande.

"Wengine wote walinificha," alisema. "Wewe tu ndiye uliyenisomea ukweli."

Nilimfungulia mlango wa pikapu. Nilikuwa nimeshinda.

Mnatarajia niseme najuta. Najuta kidogo, siku za mvua. Lakini hasira yangu kubwa haijawahi kumhusu Mzee Kinuthia. Inamhusu yule aliyeketi mezani mjini, akachukua mkasi au chochote walichotumia, akamkata baba yangu kutoka kwenye kibanda chake, kisha akaenda kula chakula cha mchana. Nimemtafuta. Nimepekua magazeti ya zamani katika maktaba, na chini ya picha hakuna jina. Huenda leo ni mtu mzima mwenye mvi anayealikwa runingani kutueleza kwa nini wananchi wanachukiana. Ningempata, singemtukana. Ningemketisha kwenye stuli nimsomee habari zake mwenyewe kwa sauti, mbele ya majirani zake, nikipumzika kwenye vituo.

Landlodi hakuitaja tena notisi. Tulibaki Kayole miaka mingine sita. Wiki ile ile Mzee alipoondoka, Mama Njoki alituletea bakuli la githeri, bombani wakaanza kumsalimu mama, na watu wakarudi kumletea baba viatu vyao ashone. Nilikua nikiamini kwamba nimelisafisha jina la baba yangu. Nilikuwa mtu mzima, mwenye watoto, nilipokumbuka kuhesabu ni wangapi katika vyumba vile kumi na viwili waliwahi kumwambia, "Baba Syombua, tulikosea." Hakuna hata mmoja. Walikuwa tu wamepata mtu mwingine wa kuogopa, na ni mimi niliyewapa.