Fundi na Neno "Funga"

Fundi wa kompyuta wa Nyangoto hupangusa vidole kwenye suruali kabla ya kugusa mashine ya mtu, kama anakwenda kukamua ng'ombe. Maagizo marefu ya Linux, mfumo unaoendesha kompyuta, ameyafupisha: anayetaka kuona nani ameingia kupitia mtandao huandika "nani", anayetaka kuwazuia wote huandika "funga". Mzee Machage humtazama kwa kununa. Yeye alifunga boma kwa miiba, na ilikuwa kwa ajili ya fisi. Kwake, dhahabu ndiyo iliyowafanya majirani wachunguzane.

Juzi binti yake Rhobi, mnunuzi wa dhahabu, alimwita fundi nyumbani kwao kwa hofu. Safari mbili za Mwanza, watu walijua siku atakayobeba mzigo, ingawa aliiandika kwenye kompyuta yake tu. Fundi aliandika "nani". Yakatokea majina mawili.

"Huyu simjui," fundi akasema kwa sauti yake ya chini. "Huyu mwingine ni mimi. Niliacha mlango wazi mtandaoni ili nikutengenezee mashine nikiwa kwangu."

"Kumbe mwizi tumemkalisha kitini!" Machage akadakia.

Fundi hakucheka. Alimsogezea Rhobi kibodi. "Andika mwenyewe, mama."

Rhobi akaandika "funga". Majina yote mawili yakatoweka.

"Na mashine ikiharibika?" Machage akauliza.

"Nitakuja kwa miguu, mzee, nipige hodi."

Machage akamwambia Rhobi alete uji, wa watu wawili: wake na wa fundi.