Mama Koki na maji yanayogombana bombani

Saa mbili asubuhi, Mama Koki amepiga magoti kwenye chumba cha pampu cha hospitali, ncha ya bisibisi ikigusa bomba, mpini ukiwa sikioni. Hatulii. Anasikiliza, anasogea, anasikiliza tena.

"Haya maji yanagombana humu ndani," anasema. "Yangekuwa yanapita kwa amani, yangeshafika juu."

Juu ni ghorofa ya nne, wodi ya wazazi. Ni miezi mitano sasa tangu mabomba ya huko yakauke, na wauguzi hupandisha ndoo sitini kwa siku. Mkuu wa ufundi anataka pampu kubwa zaidi. Mama Koki, fundi bomba kwa miaka kumi na tisa, amekaza uzi kwamba pampu haina kosa. Kabla yake kuna viwiko vitatu vya bomba, vya kona kali, vimefuatana kukwepa ukuta mpya. Maji yanazunguka humo, yanaingia kwenye pampu yamevurugika, na nguvu inapotea bure.

Amepewa hadi saa sita. Yasipopanda, anahamishiwa stoo.

Kufika saa tano ameshang'oa viwiko na kufunga bomba lenye mkunjo mpana. Ndani yake amechomeka furushi la vibomba vyembamba, vimebanana kama tambi kwenye pakiti, ili maji yapite yamenyooka.

"Mume wangu ananicheka," anasema. "Eti, 'Mke wangu, hata chai siku hizi unaogopa kuikoroga!' Mwache acheke. Mimi usingizi sipati."

Anawasha. Anaenda mlangoni, anarudi, anafuta mikono iliyokwisha kukauka. Simu inaita. Ni muuguzi wa juu.

"Dada, bomba linakohoa tu. Hewa tupu."

"Usifunge! Liache wazi!"

Anabana simu sikioni. Kisha muuguzi anapiga kelele hadi simu inakwaruza: "Yamekuja! Dada, yamekuja kwa nguvu!"

Mkuu wa ufundi, aliyeshuka kushuhudia, anampa mkono. "Hongera, mama. Sasa niambie, ni nani huyo aliyefunga viwiko vile?"

Angeweza kunyamaza.

"Ni mimi, bosi. Nilikuwa na haraka."

Mkuu anaondoka. Mama Koki anakusanya vifaa, kisha anasema lililo moyoni.

"Wakitaka kunifukuza, sawa. Naomba wiki moja tu kwanza. Bomba la chumba cha upasuaji nalo nililifunga hivyohivyo."