Samli ya Harusi Iliyonywewa na Stelingi

Harufu ya samli ikiungua hunikasirisha mpaka leo. Wengine hutamani chapati. Mimi nasikia pampu ya pawa stelingi ikilia kama fisi aliyebanwa mkia mlangoni.

Nilikuwa na miaka tisa. Shangazi yangu alikuwa anaolewa Eldas, na sisi wa Garissa ndio tulibeba nyirinyiri, ile nyama ya ngamia inakaangwa ikauke, halafu inazamishwa kwa samli isiharibike. Ndoo nzima. Wakwe wakikuta nyama imechacha, bibi harusi anaimbiwa hiyo aibu mpaka azeeke.

Fundi alikuwa amemwambia baba yangu, Aabo, dereva wa kubeba mizigo ya watu, "Mzee, badilisha hii paipu ya stelingi, inavuja." Aabo akaifunga na kipande cha tyubu. Tyubu, jamani, kwa barabara yenye mashimo ngamia anaingia huoni hata nundu.

Kupita Modogashe, mafuta ya stelingi yote yameisha. Usukani ukawa mzito kama unageuza msikiti. Tukauliza kila duka: sukari iko, pasta iko, mafuta ya stelingi hakuna. Aabo akaangalia ndoo. Mama akamwona.

"Usithubutu, baba Halima."

"Kikombe moja tu."

"Kwani gari pia imealikwa harusi?"

Kikombe ya samli ikaingia kwa pampu, usukani ukalainika. Mbele kidogo, ingine. Ndoo ilikuwa katikati ya magoti yangu, na kila kikombe nililia, maana nyama ilikuwa inajitokeza kama mawe ya Tana wakati wa kiangazi. Mbwa wa Wajir yote walitufuata wakilamba barabara. Tukalala hapo. Asubuhi samli imeganda ndani ya pampu, usukani haukati kona, ikabidi tungojee jua liipashe kama chai.

Eldas, wanawake wa upande wa bwana harusi walionja ile nyama, wakatazamana. Shangazi akafunika ndoo na shela yake.

Mwaka jana paipu ya gari yangu ikapasuka. Fundi akaniambia, "Toa belti ya pampu uende tu, dada. Gari inatembea bila hayo mafuta, ni mikono itaumia."

Nikampigia Mama, nimewaka: kumbe samli yetu ilimwagwa bure.

"Bega la baba yako lilikuwa limekufa mwaka ule," akasema. "Mimi mwenyewe nilijua baada ya harusi. Aliogopa watu wakisikia, hakuna mtu atampa mzigo tena."

Mzee yule. Angefungua mdomo tu, mimi na Mama tungeuvuta huo usukani na yeye mpaka Eldas.